Awadhi Akosa wa Kumkwepa

Awadhi, muuza kahawa kwa baiskeli pale Kariakoo, alijisifu ukweni Moshi kwamba hakuna njia inayomshinda. Elisaria, kaka wa mchumba wake Severa, akamwambia, "Basi vuka kwa baiskeli yako hiyo jangwa la juu mlimani, kati ya Mawenzi na Kibo. Jua likizama hujafika kambi ya Kibo, Severa humpati."

Kule juu ni baridi, mchanga na mawe, hata nyasi zimegoma kuota. Awadhi akapanda baiskeli, akapiga kengele, akaanguka. Akaanguka tena, wala hapakuwa na shimo. Msicheke! Aliyejifunzia baiskeli Kariakoo hajui kwenda mbele, anajua kukwepa. Sasa pale akwepe nini, upepo?

Mpaka saa tisa wapagazi waliowasindikiza walishachoka kucheka. "Shemeji, turudi?" Elisaria aliuliza, meno yote nje.

Severa, aliyepanda nao, na ambaye alijuana na Awadhi siku alipogongwa na baiskeli hiyohiyo, akajitwika ndoo ya wapagazi akakatiza mbele ya tairi. "We mwehu, huoni watu?"

"Pisha, mama! Njia ya baba yako hii?" Awadhi akafoka, akamkwepa, baiskeli ikanyooka.

Severa akawatawanya wapagazi njiani wamtukane. Awadhi akawapenya wote. Karibu na kambi ya Kibo, Elisaria akajitenga pembeni kimya, njia ikabaki nyeupe. Awadhi akaanza kuyumba. Mara upepo ukapeperusha kofia ya Elisaria, naye akaikimbilia katikati ya njia.

"Utaniua, we chizi!"

"Pisha, shemeji!" Awadhi akamkwepa, akaingia kambini jua bado likimwangalia.