Ghala Tuliloliosha

Kwetu Kitahana mgeni akitangazwa, ufagio hautulii. Mama yangu alitulea hivyo: ukisikia mtu anakuja, uwanja ufagiwe, maji ya kunywa yawe tayari kwenye kikombe kisafi, mengine baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi nikiusikia msemo huo nasonya.

Juu ya kilima, nyuma ya kijiji, liko ghala la ushirika uliokufa zamani. Enzi za tumbaku walikuwa wakihifadhi humo dawa za kuulia wadudu. Ushirika ulipokufa, wakubwa wake walibeba mizani, meza, hata milango, dawa wakatuachia sisi. Mapipa yakaota kutu, magunia yakapasuka, unga ukatapakaa sakafuni, na ukipita karibu kichwa kinakugonga. Chini ya kilima hichohicho ndiko iliko chemchemi yetu, na kijiji kizima kinakunywa hapo. Miaka yote tuliomba mabati na kufuli tu, mvua isiingie. Tukaambiwa hakuna fungu. Magari ya miradi yalitupita kila siku, haya ya kambi za wakimbizi, yale ya Mabamba mpakani, sisi tukala vumbi lake.

Kisha mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Mimi nashona nguo Kasulu mjini, lakini nilikuwa nyumbani kumsaidia mama kuvuna maharage, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Alisema serikali imetoa fedha za kuondoa sumu za zamani. Mtaalamu atakuja kukagua ghala letu, kisha mafundi watazibeba sumu zote wakaziteketeze mbali huko. Tulipiga makofi. Mama alilia kwa furaha. Halafu mtendaji, mtu mwema tu, wala simsingizii, akamalizia: "Sasa ndugu zangu, mgeni huyu asije akatukuta wachafu."

Hakuna aliyeshtuka. Nani angeshtuka, na ndivyo tunavyoishi?

Asubuhi wanawake tulijifunga kanga viunoni. Tulichota maji chemchemini, tukayapandisha kilimani kwa ndoo, tukayamwaga ghalani na kusugua. Wanaume waliburura magunia wakayatupa korongoni, nyuma ya ghala, na yaliyobaki kwenye mapipa wakayamimina hukohuko. Mapipa wakagawana ya kukingia mvua. Watu walipiga chafya, wakataniana, wakaendelea. Mama ndiye alikuwa mbele ya wote. "Pembeni huko, pembeni! Mnasafisha kwa macho?" Maji yaliteremka kilimani meupe, kama yaliyooshewa mchele, yakarudi kulekule tulikoyachota.

Mtaalamu alikuja na barakoa yake kubwa na glavu hadi kwenye viwiko. Akaingia ghalani, akatoka, akavua barakoa.

"Hongereni sana," alisema. "Hapa hakuna kazi."

Alieleza bila ubaya wowote. Fungu lilikuwa la kuondoa taka, na hapa taka hazipo, kwa hiyo litakwenda penye uhitaji. Mtendaji akahangaika kumweleza kwamba zilikuwepo, tena nyingi, ila tumezitoa kwa heshima yake. Mtaalamu akatabasamu, akasema kila kijiji husema hivyo kikisikia kuna fedha. Tulikuwa tumeshamchinjia kuku. Akamla, akashukuru.

Mvua za kwanza zilipoanza, vyura walielea chemchemini matumbo juu. Wakafuata mbuzi wa jirani. Watoto wakaanza kuwashwa ngozi, na maji yakawa na harufu ya lile ghala. Nilimchukua mama tukaenda ofisi ya wilaya, Kibondo. Bwana mmoja alitusikiliza huku akichezea simu, akasema, "Lakini mama, mtaalamu alikuta pasafi." Nikamuuliza, je, fedha za kuzuia hiyo sumu ya korongoni isizidi kushuka kwenye maji? Akasema fungu la kuzuia halipo, lililopo ni la kusafisha, nalo limeshakwenda kwingine. Nilitamani kumrushia kiti. Baba gani huyu anayekaa anasubiri mtoto agaegae matopeni, ndipo akumbuke hela ya sabuni?

Tulirudi na kurudi pale ofisini mpaka wakatuchoka, wakamtuma tena mtaalamu, yuleyule. Mama aliposikia anakuja hakushika ufagio. Uwanja ulijaa majani makavu na mavi ya kuku, na katikati yake akamwekea mgeni kigoda. Sijawahi kumwona mama yangu akifanya vile, na iliniuma kuliko mbuzi waliokufa.

Mtaalamu aliketi, akatazama huku na huku. "Hiyo sumu mnayoisema iko wapi, mama? Nionyesheni basi."

Mama akaingia ndani. Akatoka na kikombe kisafi, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mwana wanje," alimwambia, akimwita mwanangu kwa Kiha chetu.

Alikipokea. Alikifikisha karibu na mdomo, harufu ikamkuta, akakiweka chini polepole. Kisha akasema atatoa taarifa, ila bajeti ya mwaka huu imeshafungwa, tuwe na subira. Akafungua chupa yake ya maji ya dukani, akapiga mafunda, akaaga.

Gari lilipoondoka nikainama niyamwage yale maji. Mama akanishika mkono. Maji ya kununua huletwa kwa baiskeli kutoka mbali, na madumu ninayomlipia mimi huyabania yawe ya kupikia tu. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani. Akakiokota kikombe.

"Mama, acha," nilimwambia. "Mama, nakuomba."

Akanywa yote, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Sasa ninywe nini?" aliniuliza, kikombe kikiwa bado mkononi, na akanitazama akingoja nimjibu.