Mlio Chini ya Kiti cha Nyuma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa kiangazi, mchana kweupe, na mimi nilikuwa kijana wa Suji mwenye gari. Usicheke. Kule mlimani kwetu enzi hizo, kijana mwenye gari alichangamkiwa hata na watu wazima, na jambo hilo liliniharibu kichwa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mtumba, na pampu yake ya mafuta ilikuwa ya umeme, imekaa ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Sisi madereva wa mlimani tulikuwa na ujanja wetu. Mafuta yanauzwa bondeni, kwa hiyo tulishuka na gia huru tukisema mlima unatushusha bure. Wakati wa kupanda tuliweka mafuta kidogo tu, tukiamini kwamba tangi jepesi hupanda vizuri. Taa ya mafuta iliwaka kutwa nzima nasi tukaizoea. Hatukujua kwamba pampu ile hupozwa na mafuta yenyewe inayoyavuta, na kwamba kwenye mwinuko mkali yale mafuta kidogo hukimbilia upande mmoja, pampu ikabaki inanyonya hewa na kuungua taratibu.

Nasema hatukujua, lakini mimi niliambiwa. Mjomba wangu Elinami, kaka yake mama, aliyeendesha malori ya tangawizi hadi nywele zikawa nyeupe, alipanda gari langu tukielekea Same. Kabla hatujafika Makanya, kule bondeni, akageuza shingo.

"Nini kinalia huko nyuma?"

"Ni gari tu, mjomba."

"Gari halilii bure. Asubuhi linawaka kwa kubembelezwa, siyo?"

Nikakubali.

"Ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko linasitasita? Likipata joto linazimika, ukilipumzisha linawaka tena?"

Yote yalikuwa kweli. Akasema, "Dalili ya mvua ni mawingu. Mpe fundi apime msukumo wa mafuta kabla hujapakia tena roho za watu."

Nikaitikia, "Sawa, mjomba." Unajua nilichofanya? Nilinunua kaseti ya kwaya nikaongeza sauti. Mlio ukafunikwa, nami nikajiona nimetengeneza gari.

Sasa nikueleze habari ya mama. Dada yangu Nakijwa alikuwa ameolewa Tanga na mwanamume ambaye mama alimkataa. Yalisemwa maneno makali, na dada hakukanyaga nyumbani miaka mingi. Kisha mama akaugua. Alipoona hali imezidi aliniita, akaniambia, "Mlete dada yako. Nataka nimwekee mkono kichwani, nimbariki yeye na watoto wake. Sitaki kuondoka na neno langu baya likiwa juu yake."

Dada alikuja kwa basi, nami nikashuka kumpokea Makanya. Alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Njia nzima aliuliza jambo moja tu: "Anaongea bado?" Nikamwambia, "Anaongea, anakungoja wewe."

Tulipoanza kupanda, gari likaanza kusitasita. Nilikanyaga mafuta, likavuta kidogo, likalegea, na kwenye kona za katikati likazimika. Nilitoka nikagonga chini ya tangi kwa jiwe, ujanja wa madereva ambao huiamsha pampu kwa muda. Likawaka. Tukapanda kona chache zaidi likazimika tena. Safari hiyo niligonga mpaka mkono ukauma, wapi.

Dada akavua viatu. "Twende kwa miguu, mdogo wangu."

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, mwanangu, kuliko kule kwenye pampu. Nilimwambia, "Kaa, lipoe, huwa linarudi." Niliona aibu kuingia kijijini kwa miguu, gari nimelitupa barabarani. Naye alinisikiliza, kwa sababu gari ni langu na mimi ndiye dereva. Tulikaa kivulini tukilitazama hadi jua likaanza kuinama. Halikurudi. Ndipo tukatembea.

Tulipofika, mjomba Elinami alikuwa amesimama mlangoni, na ndani wanawake walikuwa wanalia. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema kwa upole, "Tulisikia gari lako likipanda kule chini. Mama yako akasema, 'Hao wamefika, niinueni nikae.' Tukamwinua. Kisha mlio ukakatika. Akaendelea kukaa, akisikiliza, mpaka akachoka."

Dada aliingia akapiga magoti kando ya kitanda, akauchukua mkono wa mama akauweka mwenyewe juu ya kichwa chake. Mkono uliteleza. Nimezeeka sasa, na bado nauona ukiteleza. Dada hakunilaumu hata siku moja, nami sijapata usingizi mzuri kwa sababu hiyo hiyo.

Basi nisikilize. Ukisikia mlio mwembamba kutoka kwenye tangi, ambao haukuwepo jana, usiufunike kwa muziki. Gari likichelewa kuwaka, likirukaruka barabarani kwenye mwendo uleule, likikosa nguvu mlimani au likizimika kwa joto, nenda kwa fundi. Mwambie aanze na chujio na nyaya, maana si kila mara pampu ndiyo mgonjwa, lakini aangalie. Usiache tangi likauke, hasa wewe unayepanda milima yetu. Kugonga tangi kutakufikisha gereji ukibahatika, si dawa ya kuishi nayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kiliniumbua kupitia mtu mwingine. Na likizimika huku kuna mtu anakungoja, liache hapo hapo utembee. Aibu ya gari bovu huisha wiki moja.

Mama alikuwa na maneno ya baraka siku ile, na hakuna aliyeyasikia. Siyajui, kwa hiyo nakupa yangu: Mungu akufikishe kwa wanaokungoja, mwanangu, na uwakute macho yao yangali wazi.