Fundi Aliyeujua Mwaka wa Darasa la Kwanza

Kaka yangu ni fundi cherehani wa sare za shule, na mimi natoboa matundu ya vifungo na kupiga pasi. Tuna chumba kimoja, cherehani mbili, meza ya kukatia na dirisha la barabarani. Nitamsema hapa kwa sababu tumetoka tumbo moja. Wewe ukimsema, tutakosana.

Miaka miwili iliyopita mkewe, muuguzi, alipata kazi mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Walikuwa wameshachoshana, wakaachana bila kelele, na binti yao akaenda na mama. Mtoto huyo tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajui kunyamaza. Alipoondoka, chumba kilipoa mpaka nikawa nausikia mkasi ukipita kwenye kitambaa.

Mwaka huu Chiriku akaanza darasa la kwanza. Shule yao iliwapa wazazi karatasi mbili za mambo ya kutarajia mwaka mzima, na wifi yangu, Mungu ambariki, akamtumia kaka nakala. Kaka aliisoma hadi ikachanika kwenye mikunjo. Muhula wa kwanza mtoto atachoka, atapoteza penseli, asubuhi atadai tumbo linamuuma. Muhula wa pili ataanza kuunganisha silabi, na meno ya mbele yatang'oka. Muhula wa tatu, siku ya kufunga shule, wazazi watakuja darasani na kila mtoto atamsomea mzazi wake ukurasa mmoja. Hapo kwenye ukurasa mmoja ndipo moyo wa kaka ulipoweka kambi. Alitaka kumsikia mwanawe akisoma, na hakutaka kingine duniani.

Kwa kuwa mtoto wa kumlea kwa karatasi hiyo hakuwepo, akaanza kuitumia kwa watoto wa wenzake. Siku moja mteja alikuja na kaptura ya kupunguza, uso umemshuka.

"Fundi, mwanangu kila asubuhi analia tumbo. Hospitali wamempima, hawaoni kitu."

"Hii ni wiki ya ngapi shuleni?"

"Ya tatu."

"Basi hilo ni tumbo la shule. Usimgombeze, wala usimbakize nyumbani. Mpeleke mwenyewe, mshike mkono. Likifika getini litapona."

Likapona. Habari zikaenea, na wazazi wakaanza kuja hata bila nguo ya kushona. Mwingine anauliza mbona wake anaandika herufi kinyumenyume, mwingine mbona wake amepoteza penseli ya saba. Kaka anawajibu huku akikanyaga cherehani, sauti imejaa uzoefu ambao hana. Mimi najipigia pasi yangu na kujitia hamnazo. Lakini mmoja alimuuliza, "Na wako je, fundi, anaendeleaje?" Kaka akasema, "Vizuri tu," akajaza pini mdomoni. Akishajaza pini mdomoni, ujue mazungumzo yamekwisha.

Ulipokaribia muhula wa pili akaamua kumshonea Chiriku gauni jipya la shule. Sasa nisikilize vizuri. Huyu ni fundi anayewafukuza wateja wanaokuja bila mtoto. "Nguo haishonwi kwa maelezo," huwaambia, "niletee mwili." Lakini kwa mwanawe alimwita binti wa seremala wa jirani, aliyezaliwa mwezi mmoja na Chiriku, akampima yeye mabega, kiuno na urefu.

"Kaka, si umpigie wifi simu akupe vipimo?"

"Mwanangu nimsahau mimi?"

Mganga hajigangi. Alishona gauni hilo siku mbili, marinda yamelala sawasawa, kola imesimama, na tukalituma kwa basi.

Baada ya wiki wifi akanipigia simu mimi. "Wifi, gauni ni zuri, ila limembana kwapani na magoti yote yako nje. Mtoto amerefuka. Nimeunga kitambaa chini. Chiriku mwenyewe kasema baba asiambiwe, atasikitika."

Mimi siri hailali kinywani mwangu. Nikamwambia kaka. Alisimamisha cherehani, nikajuta kusema. Kisha akasema, "Kumbe mtoto ninayemuwaza siku zote ni wa seremala."

Nilimwambia fimbo ya mbali haiui nyoka, siku ya kufunga shule aende. Akasema wiki hiyo ndiyo wazazi huleta oda za sare za mwaka mpya, tukifunga watatukimbia. Nikamwambia wakimbie. Akachoma chakula cha mchana siku tatu mfululizo kwa mawazo, halafu akakata shauri. "Lakini twende wote," akasema. "Nikirudi nyuma, nisukume."

Sikuhitaji kumsukuma. Darasani alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani, viatu vinang'aa. Chiriku akaja, mrefu kweli, pengo mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa mkono, kama mtu anavyompa mgeni wa mama. Chiriku wangu, aliyekuwa akiongea hata akiwa amelala, akasimama anaangalia sakafu. Niliumia, sifichi. Wifi akasogea nyuma makusudi, akasema, "Leo msomee baba."

Mtoto akafungua kitabu, habari ya mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba. Akasoma moja kwa moja, bila kuweka kidole, anapumzika penye nukta, anapandisha sauti penye swali. Alisoma vizuri kuliko wote. Alipomaliza akamwangalia kaka usoni, na kaka akapiga makofi mpaka nikamgusa bega.

"Umesoma vizuri sana, mama."

"Asante, baba." Akacheka kidogo, pengo likaonekana, akakimbilia wenzake.

Nilimkuta kaka nje, ameegemea ukuta wa darasa, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Sasa unalia nini? Mtoto anasoma kukushinda wewe."

"Najua."

"Ulitaka asome, kasoma. Mbele ya watu wote."

"Najua, dada." Akavuta pumzi. "Nimekaa pale namsubiri akwame neno moja tu, nimsaidie. Hakukwama."