Tulipojitia Kufunga Upande wa Wingwi

Nikisikia harufu ya zafarani iliyolowekwa kwenye marashi, hata ikiwa ya biriani la harusi, hunirudisha kwenye kibaraza cha mganga mmoja, katika kijiji cha upande wa Wingwi ambacho sisi watu wa Vitongoji hatukukitaja bila ya kushusha sauti, kwa uchawi uliosemwa kuwako huko.

Nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu Haji, wa miaka mitatu, alikuwa na siku ya sita hali wala hasemi, na dawa za hospitali alizitapika zote. Majirani wakakata shauri kwamba mtoto kachezewa. Mama, ambaye siku nyingine hakuwa mtu wa kusikiliza majirani, akatubeba tukaenda. Ilikuwa siku ya tatu ya Idd Kubwa, nami nimevaa gauni langu la sikukuu.

Njia nzima alinionya. "Ukipewa chakula, sema umefunga. Usitie kitu mdomoni, hata tende. Ukila cha watu wale, hurudi tena kwetu." Niliamini kila neno.

Mke wa mganga, Bi Mize, mtu mzima wa makamo ya bibi yangu, alitutandikia mkeka, akaleta sinia la wali na nyama ya sikukuu. Nilikuwa sijala tangu alfajiri.

"Karibuni, wanangu. Kuleni, dawa yatayarishwa."

"Tumefunga, bibi," Mama akasema, macho chini.

Bi Mize akanigeukia. "Na weye, mwanangu?"

Mate yalinijaa mdomoni. Nikamtazama Haji, kichwa kimemlegea begani kwa Mama, nikawaza: wakijua tunawadanganya, watamwacha afe. "Nimefunga," nikasema.

Bi Mize alilitazama gauni langu la sikukuu. Nilihesabu pumzi za Haji. Kisha akasema, "Mwenyezi Mungu akutakabalieni," akalifunika sinia kwa kawa, akalirudisha ndani.

Mganga akatoka na kombe: aya alizoziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi. Haji akakaza meno. Ni Bi Mize aliyempakata, akambembeleza kwa jina lake, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka sahani ikakauka. Mama, aliyeogopa tonge la wali wao, hakuuliza hata dawa ile imetiwa nini. Kilichomponya sikijui, lakini siku ya pili yake Haji aliomba uji.

Miaka mitatu baadaye, chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu alitusomesha siku zilizo haramu kufunga: Idd zote mbili, na siku tatu zinazofuata Idd Kubwa. Wenzangu wakaendelea kukariri. Mimi masikio yaliniwaka moto.

Bi Mize, mke wa mtu anayeandika aya, alilijua hilo kabla Mama hajazaliwa. Alijua tunadanganya na alijua kwa nini. Bila shaka hatukuwa wageni wa kwanza kufunga kibarazani kwake. Niliona haya, na mpaka leo haijanitoka. Tulimwita mchawi mbele ya chakula chake cha sikukuu, bila ya kulitamka neno lenyewe, naye akatuombea kwa Mungu, akampakata mtoto wetu.