Kikopo Kisicho na Tone

Kwa nini mtu ambaye hajaiba afiche kitu mfukoni kwa siku tatu? Nilikuwa na miaka kumi nilipojiuliza swali hilo, na kwa kuwa sikupata jibu, nilichukua lile lililokuwa karibu: ameiba. Mtu mwenyewe alikuwa baba yangu.

Hadi leo harufu ya rangi ya kucha hainipeleki saluni. Inanirudisha gereji ya baba pale Tunduma, kiwanja kilicholoa oili nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Kwenye mji wa wapita njia, mwenye gari alikaa juu ya ndoo akimkodolea macho fundi tangu boneti ifunguliwe mpaka ifungwe, asije akabadilishiwa spea. Asiyekuwa na muda wa kukaa alikuja na rangi ya kucha ya mkewe, akadondoshea tone kila kifaa. Kifaa kikirudi bila tone, si chake. Hakuna aliyeona ni matusi. Hata baba alikuwa akiwashikia chupa.

Alhaji, mtu wa Tanga mwenye malori manne, hakuwa na muda wa kukaa. Alituletea gari dogo la zamani la viti viwili, la kukimbia, alilolinunua kwa mhandisi mstaafu wa migodi ya shaba upande wa Zambia. Lilikuwa limelala chini kiasi kwamba kuku wetu walilizunguka badala ya kupita uvunguni. Alilipenda kuliko malori yote, lakini lilitoa moshi wa bluu na kuvuja oili kila kona. Mafundi wawili walikwisha kubadilisha sili za kuzuia oili bila mafanikio. Baba aliliwasha, akafungua kizibo cha oili, akaweka kiganja juu ya tundu.

“Hili haliumwi sili,” alisema. “Limebanwa pumzi.”

Alinieleza kwamba injini nayo hupumua, na njia yake ikiziba, ule mvuke hutafuta pa kutokea, hata kwa kusukuma oili nje. Alhaji akapaka tone jekundu kila alichokiona kwenye njia hiyo: bomba la kupumulia, kizibo, valvu, mipira, hadi vibanio. Nilidhani gari limepata surua.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Kila kilichofunguliwa kilioshwa kwa petroli na kulazwa juu ya kiroba kwa mpangilio kilivyotoka, ili kirudi kwa kinyume chake. Nilivijua vyote. Ndiyo maana siku alipokuwa akiosha bomba nikaona kikidondoka kikopo cha chuma, kidogo kama kizibo cha chupa, ndani yake wavu mweusi kwa masizi, nilisubiri akilaze na wenzake. Hakukilaza. Alikigeuzageuza, akakifunga kwenye tambara, akakitia mfuko wa ovaroli.

Upelelezi wangu ukaanza hapo. Siku ya pili nilimwona akimwonyesha kikopo dereva wa lori, naye akatikisa kichwa. Siku ya tatu nilimfuata baba kwa mbali hadi Nakonde, kwa mzee muuza spea chakavu. Waliongea Kibemba kwa sauti ya chini, lugha ambayo mimi nilijua salamu na bei ya nyanya tu. Yule mzee aliliinua bomba la gari jingine, akaingiza kidole ndani, wakacheka. Nikasema moyoni, biashara imekubalika.

Kesho yake Alhaji alikuja kukagua matone kabla ya kufunga. Baba akatoa kikopo mfukoni.

“Fundi, hicho nacho cha nani?”

“Cha gari lako, Alhaji. Kinakaa ndani ya bomba.”

“Mbona hakina rangi?”

“Wewe ulipaka nje. Chenyewe kilikuwa ndani.”

“Mafundi nyinyi,” Alhaji alisema, na waliokuwepo wakaanza kutabasamu. “Mtu anawaachia gari, anarudishiwa honi.” Kisha akanigeukia mimi. “Binti, wewe unashinda hapa. Kimetoka wapi hiki?”

Baba alinitazama kwa utulivu wa mtu aliyepata shahidi.

“Mfukoni kwa baba,” nilisema. “Na jana alikipeleka Nakonde kwa muuza spea.”

Alhaji aliagiza vifungwe vyenye rangi tu, akaenda kuswali. Baba alinituma nyumbani nikalete sabuni. Niliporudi gari lilikuwa limefungwa, na usiku ule alisema neno moja tu: “Ulisema ulichokiona.”

Gari lilipona. Jina la baba halikupona. Wateja walipungua hadi tukahamia Mbozi kwa wajomba, naye akawa mtunza mashine ya kukoboa kahawa. Wiki ile ile ya kikopo, chupa ya mama ya rangi ya kucha, ya zambarau, ilikuwa imepotea. Nilishukiwa mimi, nikaapa, sikuaminiwa. Niliona ni uonevu mkubwa, wala sikuwaza mwingine aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo akionewa.

Chuo kikuu kilinifundisha kudai ushahidi, somo ambalo nilidhani nalijua. Siku moja, likizo, nikalikuta lile gari Vwawa, limeuzwa mara mbili, kwa fundi kijana. Nilikuwa nimekwisha soma kuwa wavu ule huzuia moto wa kabureta usirudi kwenye mvuke wa oili na kuilipua injini. Nilimwomba alifungue bomba. Nilitaka nilione tundu tupu kwa macho yangu, nimalize.

Kikopo kilikuwemo. Ukingoni kilikuwa na tone lililofifia, na halikuwa jekundu kama yale ya Alhaji. Lilikuwa la zambarau.