Mkahawa wa Vienna Pale Umoja

Nilipokuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, Vienna ilikuwa mtaani Umoja, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu babu, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya pikipiki. Ukipita haraka ungedhani ni hoteli kama nyingine za mtaa. Ukiingia, ukutani ulikuta kadi za posta: kanisa kuu lenye paa la vigae vilivyopangwa kama ukili wa mkeka, kasri ya manjano na bustani zake zilizonyolewa vizuri, gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, na jumba la opera taa zote zikiwaka. Kadi hiyo ya opera ilikuwa imechakaa pembeni kwa kuguswaguswa.

Mwenye mkahawa alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa amepika miaka mingi huko Vienna katika nyumba ya familia ya kibalozi, na aliporudi hakuleta gari wala friji. Alileta trei ndogo za chuma kinachong'aa, mikono inayojua unga, na imani kwamba mtu akinunua kikombe kimoja cha kahawa basi meza ni yake mpaka achoke mwenyewe.

Imani hiyo ndiyo iliyonipa kitabu. Nyumbani kwetu Makongeni tulikuwa na vyumba viwili, na meza yetu moja haikuwahi kukosa sufuria, pasi au kichwa cha mdogo wangu aliyelala juu ya daftari la hesabu. Kwa shangazi nilipewa meza ya pembeni, karibu na dirisha. Hakuniuliza kitabu kinahusu nini. Aliniuliza tu kama mwanga unatosha.

Asubuhi alinyoosha unga. Alisema wapishi wa kule huuvuta mpaka mtu aweze kusoma gazeti kupitia kwake. Yeye aliyesukuma chapati tangu utotoni alitandaza leso safi mezani, akaweka donge, akalivuta kwa migongo ya mikono taratibu, akizunguka meza kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Siku moja alinyakua ukurasa wa mswada wangu akauweka chini ya unga.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti. Maneno yalionekana kama yako chini ya maji.

"Unga ni mwembamba," alisema. "Sentensi yako ndiyo nene."

Matufaa yalikuwa ghali, kwa hiyo aliyachanganya na ndizi mbivu, zabibu kavu na mdalasini, akakunja, akaoka. Mchana alipiga nyama ya ng'ombe kwa rungu la mbao mpaka ikawa pana kama sahani, akaivika chenga za mkate, akaikaanga. Kinyozi aligonga ukuta.

"Mama, umemshika nani huko?"

"Ng'ombe! Njoo umtetee!"

Lakini watu hawakukaa. Walikuja, ndiyo, kwa sababu harufu ya mdalasini ilifika mpaka kituoni. Walikunywa kahawa yenye povu la maziwa, wakala, na ghafla wakainuka wote kama waliopigiwa filimbi. Viti vikabaki vitupu. Na viti vitupu vilikuwa na maana mbaya, maana nyumba ya babu ilikuwa ya wawili, shangazi na baba, na baba alikuwa amepata muuza gesi aliyetaka kukodi kile chumba.

"Dada, nakuheshimu," baba alimwambia mbele yangu. "Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Nikikuta watu wamejaa, ubaki. Nikikuta viti peke yake, mitungi iingie."

 Usiku ule shangazi alizipangusa vumbi kadi zake za posta, moja moja. Mimi niliangalia mswada wangu, nikajua kwamba kama meza ile itapotea kabla sijafika sura ya mwisho, nitakuwa mmoja wa wale wanaosema kwa miaka kwamba wana kitabu kichwani.

Siku iliyofuata nilimfuata nje fundi wa viatu, mteja wetu wa kila siku, mtu wa maneno mengi na viraka vingi.

"Buda, mbona unatoka mapema hivi? Kahawa ni mbaya?"

"Kahawa iko poa sana."

"Sasa?"

"Si mathee, huyo shangazi yako, ameshaniambia niende?"

"Amekwambia saa ngapi?"

"Ameondoa kikombe, akaniletea maji. Mimi si mtoto. Nikiondolewa kikombe najua kuna mwenzangu amesimama nyuma anangoja siti."

Nikasimama pale barabarani nikicheka kwa uchungu. Kule Vienna, shangazi alishanieleza, mhudumu aliyevaa suti nyeusi hukuletea kahawa kwenye trei pamoja na gilasi ya maji, na ukimaliza anakuletea maji mengine, ili ujue bado wewe ni mgeni, endelea na gazeti lako. Heshima ile ile aliyoivusha mpaka huku, watu wa Umoja waliipokea kama amri ya kuondoka, wakaitii kwa adabu zote.

Nilipomwambia, alikaa chini.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiwafukuza."

"Kwa trei, shangazi."

Kisha nikamshauri: "Basi acha maji."

"Siachi maji. Mtu aje kwangu anywe kahawa kavu kama yuko kituo cha polisi?"

Alitazama kadi ya jumba la opera. Kisha akanihadithia jambo ambalo hakuwa amenieleza. Siku yake ya mapumziko kule Vienna alikuwa akipanga foleni mchana kwenye jumba hilo kununua tikiti ya kusikiliza waimbaji ukiwa umesimama, ile ya bei ndogo kuliko zote. Milango ikifunguliwa, waliosimama huwahi nafasi kwenye chuma cha kuegemea, na kila mmoja hufunga kitambaa chake pale, skafu au shali. Ukishafunga, unaweza kutoka ukale kitu. Hakuna atakayeigusa nafasi yako. Yeye alifunga leso. Alienda kununua njugu nene za kuchomwa barabarani, tamu kama viazi vitamu, akarudi, na leso yake ilikuwa inamngoja katikati ya skafu za sufu za wenyeji.

"Kama jerikeni kwenye foleni ya maji," nilisema.

Akageuka akaniangalia. "Kama jerikeni," alirudia.

Kesho yake alikata leso kuukuu vipande, rangi tofauti tofauti. Kila aliyeketi alifungiwa kitambaa kwenye kiti na kuambiwa: kikiwa hapa, kiti ni chako, maji au hakuna maji. Hakuhitaji kueleza mara mbili. Umoja nzima imekulia kwenye foleni ya bomba. Kila mtu anajua kitu kilichoachwa kwa niaba ya mwenyewe hakisogezwi.

Tatizo ni kwamba walielewa kupita kiasi. Mama anayeuza nguo Gikomba alipita alfajiri, akanywa kahawa wima, akafunga kitambaa cha buluu, akaenda zake sokoni. Fundi wa viatu alifunga chake akaenda kushona. Kufikia saa nne viti vyote vilikuwa na wenyewe, na ndani tulikuwa mimi na shangazi tu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Watarudi?" nilimuuliza.

"Mtu hurudi penye kitu chake. Na kesho saa kumi, kazi zikiisha, nimewaalika wasikilize wimbo wa opera."

Siku iliyofuata, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kulikuwa vile vile, na baba akaja na muuza gesi. Aliangalia chumba kizima, akavuta kiti cha kitambaa cha buluu. Fundi wa viatu, ambaye alikuwa amerudi dakika hiyo kuangalia chake, alimzuia.

"Mzee, hapo kuna mtu."

"Yuko wapi?"

"Gikomba."

"Na huyu?"

"Huyo ni kondakta. Yuko kazini."

Baba akamgeukia dada yake. "Vitambaa havinywi kahawa."

"Subiri saa kumi," alisema shangazi. "Na viti vimeisha, kwa hiyo utasimama. Simama hapa kaunta. Kule, waliosimama ndio wanaosikia vizuri."

Akamwekea kahawa, kipande cha mkate wa matufaa na ndizi, na gilasi ya maji. Kwangu mimi alileta maji pia. Sikuandika hata neno. Kalamu ilikuwa mkononi lakini macho yalikuwa mlangoni.

Saa kumi shangazi aliunganisha simu na spika, na sauti ya mwanamke ikapanda, nyembamba, ikakaa juu bila kushuka. Mama wa Gikomba akaingia na furushi lake, akafungua kitambaa cha buluu, akaketi. Kondakta akaingia. Wakaja wasichana wa saluni ya jirani, kinyozi mwenyewe na mteja wake mwenye shuka shingoni, mzee mstaafu wa reli. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye rangi yake. Hakuna aliyesalia nje isipokuwa wale waliokosa kiti, na hao waliegemea mlango wakasikiliza.

"Huyu mama analia nini?" baba alinong'ona.

"Ameachwa."

"Na analia muda wote huu?"

"Kule hawana haraka."

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Wimbo ulipoisha alikunywa maji yake yote, akamshika muuza gesi bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atamsaidia kutafuta chumba kule mtaa wa Fedha. Yule bwana hakukasirika. Aliomba kwanza afungashiwe kipande cha mkate ule.

Jioni hiyo hiyo, wateja wakiwa bado wamekaa na shangazi akipita kati yao na trei, nilianza sura ya mwisho.