Cherehani Nyuma ya Kioo

Asubuhi ile ya mwisho, fundi cherehani alikaa kitandani nyumbani kwa binti yao, nchi ya ugenini, akipunguza suruali ya mumewe kwa mkono. Uzi aliukata kwa meno, kama alivyozoea tangu ujana.

"Vaa, mzee. Leo wajukuu wanatupeleka makumbusho."

"Kutazama vyuma vya zamani? Si unacho kimoja hapa, unalala nacho?"

"Hicho kimeshika kutu. Nataka vilivyosuguliwa."

Wajukuu, mabinti wawili, walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee naye akacheka. Lakini walipofika mlangoni alisingizia magoti, akabaki kwenye benchi la nje. Ukweli, hakujua kusoma, na humo kila ukuta una maandishi. Aliogopa wajukuu wasije wakamwuliza. Mkewe naye hakujua hata herufi moja, ila aibu hiyo hakuwahi kuibeba. Aliingia kifua mbele.

Alitoka macho yakimng'aa.

"Umekosa, mume wangu. Kuna kitu humo."

"Kitu gani?"

"Si cha kusimulia njiani. Kesho nakuingiza mwenyewe. Ukigoma, nakuburura."

Kesho haikumkuta. Alfajiri mzee alimwita mara mbili, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Walimzika huko huko. Zikiwa zimebaki siku mbili arudi nyumbani peke yake, mzee alivaa ile suruali, akawaambia wajukuu, "Nionyesheni alichokiona bibi yenu."

Walimshika mikono, huyu huku, huyu huku. Hakuna aliyemwuliza habari za maandishi. Wakamsimamisha mbele ya kioo. Nyuma ya kioo hicho ilikuwapo cherehani ya miguu, nyeusi, sawa na ile yao ya kibarazani. Mbele yake, kiti kimoja.

Mzee akasogea hadi paji lake likagusa kioo. Miaka thelathini na minane alikaa kushoto kwa mkewe, akimshikia mapazia na maturubai yasivute sindano. Watu walimwita mshika nguo. Alijifanya hajali. Wala hakuwahi kumwuliza mkewe kama alimfaa kitu.

"Alisema nini hapa?"

"Alimwita mlinzi, Babu," mdogo akajibu. "Mlinzi hajui lugha yetu, lakini Bibi akamwambia tu: 'Baba, hapa mmekosea. Kiti kimoja hakitoshi. Mume wangu hukaa hapa kushoto. Asipokuwepo, mshono wangu huenda upogo.'"